Kitengo cha uhusiano kisichopokea simu kina kazi gani?

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako niseme jambo ambalo limenikaa moyoni tangu nimalize intanshipu yangu ya uhusiano kwa umma hivi karibuni, na nalisema kwa sababu najua tuko wengi, kila mwaka vyuo vinatoa vijana waliosoma habari, mawasiliano ya umma na uhusiano, kuanzia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mpaka SAUT kule Mwanza, na wote tukishavua joho tunaishia kwenye swali moja tu, haya cheti ninacho, intanshipu imeisha, sasa naelekea wapi. Wazee wengi wanajibu haraka haraka kwamba vijana wa siku hizi hatutaki kujitolea, tunataka mshahara mkubwa na kiti cha kuzunguka siku ya kwanza. Mimi nilijitolea, na nilijitolea kwa moyo wote, ndio maana nataka nieleze nilichokiona na kwanini nimeamua kuondoka.

Nilikuwa kwenye mamlaka ya maji ya mji mmoja huko mikoani. Jina naliacha, maana ninachosema hakihusu ofisi moja, wenzangu niliosoma nao walienda benki, hospitali, halmashauri, wengine mashirika, na tukikutana kwenye grupu letu la WhatsApp stori ni zile zile.

Stori yenyewe inaanza hivi. Unafika na barua yako ya chuo, unapelekwa kitengo cha uhusiano, unakabidhiwa kamera. Kuanzia hapo maisha yako ni matukio. Uzinduzi wa tenki, ziara ya mkuu wa wilaya, bonanza la wafanyakazi, wiki ya maji mwezi wa tatu, kukabidhi madawati shuleni. Unabeba bango, unapanga viti, unahakikisha meza kuu ina maji na maua, unampiga picha mgeni rasmi akikata utepe, akifungua bomba, akimtwisha mama ndoo kichwani (hiyo picha ya ndoo lazima ipatikane, ukiikosa utaulizwa), jioni unaandika maelezo mafupi unaposti Instagram, kesho yake unahesabu walioilike. Sidharau kazi hiyo hata kidogo, tukio likipangwa vibaya taasisi inaaibika, na nilijifunza mengi kuhusu itifaki, nani anaongea kabla ya nani na kwanini. Ila mwisho wa mwezi tulikuwa tunaandika ripoti ya kitengo, na ripoti ile ilikuwa na sehemu ya matukio yaliyofanyika, picha zilizopigwa, posti zilizowekwa, vyombo vya habari vilivyohudhuria, na haikuwa na mstari hata mmoja wa kuandika wananchi mwezi huu wametuuliza nini. Nilivyoiona mara ya kwanza sikushangaa, nilidhani ndivyo ilivyo kila mahali. Nilikuja kushangaa baadaye.

Nilishangaa pale dada wa huduma kwa wateja alipoenda likizo ya uzazi na ofisi haikuwa na mtu wa kumshikia, wakaniambia mimi nikae pale mapokezi nipokee simu mpaka apatikane mwingine. Wenzangu wakanipa pole kabisa, yaani kwa macho yao nimeshushwa, kutoka kwenye kamera mpaka kwenye simu ya mezani. Mhariri, nasema kwa dhati, kila ninachokijua leo kuhusu uhusiano kwa umma nimekijua kwenye kile kiti.

Kuna mama mmoja alikuwa anapika chakula karibu na stendi, alipiga asubuhi mapema kabla hata mabosi hawajafika. Nilijua anapiga kugomba, nikajiandaa. Hakugomba. Aliniambia, mwanangu mimi bili yangu nalipa na sina deni, shida yangu sijui maji yanatoka lini, nikisubiri hayatoki nachelewa kuweka maharage jikoni, nikinunua madumu kwa wale wa mikokoteni alafu saa tatu bomba linatiririka, hela yangu ya faida imeshaenda, sasa we niambie tu kesho yanatoka au hayatoki ili nijue. Ndio hilo tu alilotaka. Hakudai maji ya siku hiyo, hakudai fidia, alitaka kujua ili apange kazi yake. Na mimi nikawa sina jibu, nikamwambia ile sentensi tuliyoelekezwa kusema, tunalifanyia kazi mama tuvumilie, akanishukuru akakata.

Mchana nikashuka kwa mafundi kuuliza. Kwenye ukuta wa chumba chao, pembeni ya feni, palibandikwa karatasi imeandikwa kwa kalamu ya wino, ratiba ya mgao wa wiki nzima, mtaa kwa mtaa, valvu gani inafunguliwa saa ngapi na nani. Ilikuwepo hapo siku zote. Fundi wa zamu anaijua, msimamizi wake anaijua, madereva wa boza wanaijua, na nahisi hata wale wauza madumu walikuwa wanaijua kwa namna yao, ambaye haijui ni mama anayelipa bili. Na sisi kitengo cha uhusiano, watu ambao kazi yetu kwa jina ni kuunganisha ofisi na umma, tulikuwa ghorofa ya juu tunachagua picha ya uzinduzi.

Nikamwendea afisa uhusiano aliyekuwa ananisimamia, mama mtu mzima anayekaribia kustaafu, ambaye kwa kweli Mungu ambariki maana hakunifukuza. Akashuka mwenyewe akaangalia ile karatasi, akaongea na mkuu wa ufundi, wakakubaliana kila Jumapili jioni ratiba itaandikwa vizuri na kutumwa kwenye magrupu ya wenyeviti wa serikali za mitaa, na ikibadilika katikati ya wiki inatumwa nyingine. Haikugharimu chochote zaidi ya bando. Baada ya muda simu za kuuliza maji yanatoka lini zikapungua sana, waliokuwa wanapiga wakawa wanapiga kwa mambo mengine, mita inazunguka bila maji, bomba limepasuka mbele ya shule, jina kwenye bili limekosewa, yaani mambo ambayo kweli yanahitaji ofisi. Na watu waliacha kututukana kwenye posti zetu, sio kwamba maji yameongezeka, maji yalikuwa ni yale yale.

Huyo mama msimamizi ndiye aliyenifundisha pia kuandika tangazo. Kwenye faili kulikuwa na tangazo la kukatika maji ambalo limekuwa likitumika miaka na miaka, kila mtu analifungua anabadilisha tarehe. Linaanza, Mamlaka inapenda kuwatangazia wateja wake wote kuwa kutokana na matengenezo ya dharura katika bomba kuu la kusafirisha maji kutoka kwenye chanzo kwenda kwenye matenki ya kuhifadhia, kutakuwa na upungufu wa huduma katika baadhi ya maeneo, Mamlaka inaomba radhi kwa usumbufu wowote utakaojitokeza. Halafu jina la kitengo na nembo. Akaniambia soma, kisha niambie kama wewe unakaa nyuma ya soko maji yako yanakatika au hayakatiki. Nikasoma mara mbili sikujua. Akasema andika kwanza anachokitafuta yeye, sisi tutajitaja chini. Tukaliandika upya, mstari wa kwanza majina ya mitaa, wa pili yanakatika saa ngapi na tunategemea yarudi lini, wa tatu boza litasimama wapi, wa nne namba ya simu inayopokelewa, sababu ikaja chini kabisa. Ukiangalia ni jambo dogo, lakini chuo kizima sikuwahi kupewa zoezi la namna hiyo, nilipewa mazoezi ya kuandika hotuba ya mkurugenzi.

Chuoni tunafundishwa vizuri historia ya fani hii, sitaki kusema uongo. Tunajua habari za Ivy Lee, Mmarekani mmoja wa waanzilishi wa fani hii, kwamba mwaka 1906 treni ya kampuni ya Pennsylvania Railroad ilitumbukia majini kule Atlantic City Marekani wakafa watu zaidi ya 50, na badala ya kampuni kufunga milango kama ilivyokuwa kawaida ya makampuni ya reli wakati ule, Lee akatoa taarifa kwa magazeti mapema na kuwapeleka waandishi wakaone wenyewe eneo la ajali. Tunajua habari za dawa ya Tylenol mwaka 1982, watu saba walikufa maeneo ya Chicago baada ya mtu kutia sumu ya sayanaidi kwenye vidonge, kampuni ya Johnson & Johnson ikawatangazia wananchi wasimeze dawa hiyo na ikarudisha kutoka madukani chupa kama milioni 31. Tunayajibu hayo kwenye mtihani, tunapata alama zetu. Alafu tunaenda kazini tunakuta bomba limepasuka usiku na taarifa haiwezi kutoka mpaka mkurugenzi aipitie, na mkurugenzi yuko safarini Dodoma.

Niliona kwa macho yangu ikitokea. Mvua kubwa ilinyesha kule kwenye chanzo, kesho yake maji yakatoka na rangi ya udongo. Mafundi walishajua tangu alfajiri, wakaongeza dawa ya kugandisha tope, wakapunguza kusukuma, wakasema ndani ya muda fulani yatakaa sawa na watu wayachemshe kwa sasa. Tukaandika taarifa fupi sana asubuhi ile. Ikapelekwa kwa mtu wa kwanza akairekebisha, ikapanda kwa wa pili akasema subirini kwanza tusiwatie watu hofu, ikasubiri sahihi. Mchana ikaanza kusambaa sauti ya mtu kwenye WhatsApp akisema maji yana sumu, kuna mtoto amekufa mtaa wa pili, msinywe wala msioge. Hakuna mtoto aliyekufa. Ila nani atamwamini, watu wanayaona maji mekundu kwenye ndoo na ofisi imekaa kimya. Mpaka taarifa yetu inapata sahihi jua limeshazama, na badala ya kueleza tope la mvua ikabidi ieleze kifo ambacho hakikutokea, maduka yameuza maji ya chupa siku nzima na wasio na hela ya chupa wamechota mtoni. Hofu tuliyoogopa kuwatia watu waliipata kwa mtu mwingine, tena mara kumi.

Nchi yetu ina Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, inayotaka taasisi ziwe na maafisa wa kushughulikia maombi ya taarifa na inaweka muda wa kujibu, siku 30. Nashukuru ipo, mtu anayetaka mkataba au ripoti ya fedha inamsaidia. Lakini mama wa stendi anauliza habari ya kesho asubuhi, huyo hana siku 30, huyo anahitaji mtu wa kupokea simu ambaye amepewa ruhusa ya kusema anachokijua. Ndio kiini cha barua yangu Mhariri. Tumejenga vitengo vya uhusiano vyenye mdomo mkubwa na tumevikata masikio, na kibaya zaidi tunawalea wanafunzi wa fani hii wakiamini kwamba mdomo ndio kazi na masikio ni adhabu ya mtu aliyeshindwa kushika kamera.

Na kwa kuwa naandika kwenye gazeti, naomba uniruhusu niguse na upande wenu. Kila tulipoita waandishi kwenye tukio kulikuwa na karatasi ya mahudhurio pembeni ya mlango wa kutokea, mwandishi anaandika jina na chombo chake, anasaini, anapokea bahasha ya nauli. Mimi ndiye nilikuwa nazigawa. Wengi wao ni vijana kama mimi, wanalipwa kwa habari iliyotoka, wengine wamekopa nauli ya bodaboda kufika pale, siwezi kuwahukumu na sitawahukumu. Ila niliona kinachofuata, taarifa yetu niliyoitaipu mimi ikitoka gazetini na redioni neno kwa neno, mpaka makosa yangu ya koma yakitoka kama yalivyo, na hakuna aliyeuliza lile tenki lililozinduliwa mwaka jana linajaa au halijai. Siku waandishi walipokuja wenyewe bila kualikwa, kuhusu yale maji ya udongo, hapakuwa na bahasha, na walikuwa wawili tu. Ofisi ikiona kwamba kuuliza hakupo na kusifia kupo, kitengo cha uhusiano kitapokeaje simu? Wahariri mkiwalipa waandishi wenu nauli, mtakuwa mmeisaidia na fani yetu pia.

Sasa nirudi kwenye swali la naelekea wapi, maana wapo wadogo zangu wanaosubiri kujua.

Intanshipu ilipoisha niliitwa nikaambiwa tumekupenda, endelea kujitolea, kibali cha ajira kikitoka utafikiriwa. Najua waliniambia kwa nia nzuri, na hawakuwa na bajeti. Lakini nilikaa nikapiga hesabu na baba yangu mdogo niliyekuwa naishi kwake. Kujitolea maana yake kuna mtu anakulipia, chumba, nauli, ugali, vocha, nguo ya ofisini, na huyo mtu kwangu ni mama yangu anayeuza vitenge Mbagala na ana wadogo zangu wawili sekondari. Serikali ilishatoa mwongozo wa mafunzo haya kwa wahitimu mwaka 2017, kuna na TaESA inayounganisha wahitimu na waajiri, kwahiyo haiwezi kusemwa kwamba hakuna anayelijua hili jambo. Nani anaweza kujitolea mwaka mzima bila senti? Ni yule ambaye kwao wanaweza. Ukiendelea hivyo maofisi ya umma yatajaza vitengo vya mawasiliano watoto ambao kwao maji hayajawahi kukatika kwa sababu kuna simtenki na pampu, alafu tunategemea wao ndio waelewe simu ya yule mama.

Nafasi ya pili ilikuja kupitia rafiki, kampuni ya mawasiliano ya hapa Dar, ofisi nzuri Masaki, mshahara ambao kwetu hajawahi kuupata mtu. Kazi ni kusimamia kurasa za kinywaji na kutafuta watu maarufu wa kukitangaza. Nilienda kwenye intavyu, wakanipenda, nikaomba siku za kufikiria. Sina neno baya na kazi hiyo, wapo wenzangu wanaifanya kwa ustadi mkubwa na wanasomesha ndugu zao kwayo, na kama nisingepitia kile kiti cha mapokezi ningeikimbilia. Nilichojiuliza ni kwamba baada ya miaka mitatu pale nitakuwa najua nini zaidi. Nitajua kufanya kitu kionekane, na hilo nilishaanza kulijua. Kupokea swali gumu la mtu mwenye hasira na kumtafutia jibu la kweli ndani ya ofisi isiyotaka kutoa jibu, hilo bado silijui vya kutosha, na nalitaka.

Ajira Portal, ule mfumo wa serikali wa kuomba kazi mtandaoni, nimejisajili, vyeti vimeshapakiwa, nafasi za afisa habari na afisa uhusiano zikitoka naomba, na nitakwenda kwenye usaili na umati ule wote kama kila mtu. Ila siwezi kukaa sebuleni nikisubiri tangazo.

Kwahiyo nimechagua redio jamii, kituo kidogo cha wilayani. Watu wengi wa mjini hawazijui hizi redio, zipo kama Pangani FM, Sengerema FM, kule Pemba kuna Micheweni, zinasikika eneo dogo na zinaongelea mambo ya hapo hapo, bei ya mwani, mbuzi waliopotea, zahanati haina dawa, kikao cha kijiji Alhamisi. Hii ninayokwenda wananipa mkataba wa mwaka mmoja, malipo ni kidogo lakini yanalipa chumba na chakula na yameandikwa kwenye karatasi, hilo peke yake kwa mtu aliyetoka kujitolea ni kitu kikubwa. Kazi yangu ni kipindi cha asubuhi, wasikilizaji wanatuma maswali kwa meseji au wanapiga, mimi nayakusanya nayapeleka kwa ofisi inayohusika, maji, ardhi, afya, umeme, nakuja na jibu hewani, na kama jibu halijapatikana nasema halijapatikana na nimemuuliza nani. Mama aliniuliza swali moja tu, watakulipa? Nikamwambia ndio. Akasema basi nenda.

Wapo walioniambia nimehama fani, nimesoma uhusiano naenda kuwa mtangazaji. Mimi sioni hivyo. Afisa uhusiano anayekaa upande mmoja tu wa simu maisha yake yote hajui upande wa pili unasikia nini. Nataka nikae huko, nijue swali linavyokuja kabla halijanyooshwa na lugha ya ofisi, mtu anavyozunguka kwanza kusalimia na kueleza ukoo wake mpaka afike kwenye shida yenyewe, nijue maofisa gani wanapokea simu na gani hawapokei na kwanini hawapokei, maana nina uhakika wengine hawapokei kwa sababu hawaruhusiwi kusema kitu. Siku nikirudi kwenye taasisi, na nataka sana kurudi, nitakuwa najua pa kuanzia. Makato ya bodi ya mikopo, ile asilimia 15, yatanikuta popote nitakapoajiriwa, nimeshakubaliana nayo, ni deni langu na lilinisomesha.

Kwa wakurugenzi na wakuu wa vitengo mnaosoma gazeti hili, kuna jambo nawaomba kabla wanafunzi wa likizo ndefu hawajafika ofisini kwenu mwezi wa saba. Msimpe kamera siku ya kwanza. Mkalisheni mapokezi, pembeni ya simu na daftari la malalamiko, akae hapo mpaka aweze kuwaambia bila kuangalia karatasi watu wanauliza nini zaidi na jibu linakwama meza ya nani. Mpeni ruhusa ya kushuka kwa mafundi, kwa wahasibu, kwa wauguzi, popote jibu lilipo. Kwenye ripoti ya mwezi ongezeni ukurasa wa maswali, uwe wa kwanza kabla ya matukio, na usomwe kwenye kikao cha menejimenti afisa uhusiano akiwepo, asiwe anaitwa mwisho wa kikao kuja kupiga picha ya pamoja. Mkubaliane mapema, wakati hakuna tatizo, ni taarifa za aina gani zinaweza kutoka bila kusubiri sahihi ya mkubwa, bomba likipasuka, mashine ya eksirei ikifa, mfumo wa malipo ukigoma, ili siku likitokea mtu wa zamu atoe taarifa ndani ya saa moja. Na mpeni nauli, jamani, hata kama hamna posho, nauli ya kuja na kurudi, msifikiri ni kitu kidogo kwa mtu anayepanda daladala mbili.

Wenzangu mliomaliza mwaka huu, mkienda kuomba nafasi na wakawauliza kama mna swali, ulizeni simu ya wateja hapa inapokelewa na nani na ratiba ya kazi za wiki inabandikwa wapi. Mimi nilipokwenda kwenye ile redio niliuliza. Meneja akanionyesha simu yenyewe, ilikuwa mezani kwake, na wakati tunaongea ikaita, akaniomba radhi akapokea.

Msomaji wako,
Mhitimu wa mawasiliano ya umma,
Mbagala, Dar es Salaam.